Taa ya Saba

Kila asubuhi ya likizo, kazi ya kwanza ya Upesi ilikuwa kupanga mkoba wa mama yake. Alivisukuma vikombe vya chai pembeni mwa meza, akapanga vifaa kimoja kimoja: koleo la kubania, mkasi, bisibisi mbili, mfuko wa vichwa vya plastiki vya kebo, na testa, kisanduku cha manjano cha kupimia kebo, chenye taa nane ndogo zilizojipanga mstari mmoja. Mama yake alikuwa fundi wa mitandao ya kompyuta. Alipenda kusema kwamba fundi anayefika kwa mteja na kuomba bisibisi ameshaharibu kazi kabla hajaianza.

Upesi halikuwa jina lake la shuleni. Bibi yake ndiye aliyembandika jina hilo, siku alipomtuma dukani na mtoto akatoka mbio kabla hajaambiwa akanunue nini. Alifika dukani, akatazamana na muuzaji kwa muda, kisha akarudi mbio kuuliza. Sasa alikuwa na miaka kumi na miwili, na akili yake ilikuwa kali darasani na nyumbani. Ila maneno ya watu aliyasikiliza nusu, nusu iliyobaki akajijazia mwenyewe.

"Leo tunaanza kule kiwanda cha uchapaji," mama alisema huku akimimina chai. "Tunawawekea mtandao mpya."

"Kwani ule wa zamani una ubaya gani?"

"Hauna ubaya, umezeeka tu. Wasanifu wako juu, wanachora kurasa za vitabu. Kitabu kikikamilika wanakituma chini kwenye seva, ile kompyuta kubwa inayohifadhi kazi zote. Kitabu kimoja chenye picha kinachukua dakika kumi kufika. Mtu anabonyeza, anakwenda kunywa maji, anarudi, bado. Tukibadilisha swichi na kebo, dakika kumi zitakuwa moja."

Upesi aliitikia kwa kichwa. Swichi aliijua: kile kisanduku cha chuma ambamo kebo zote za ofisi hukutana, kila moja kwenye tundu lake.

"Haya, fundi mdogo," mama akaendelea, "ndani ya kebo moja kuna nyaya ngapi?"

"Nane. Nne zinafanya kazi, nne zimelala. Zinazofanya kazi ni namba moja, mbili, tatu na sita."

"Vizuri. Hiyo ni kwa mtandao wa zamani. Sasa, kwenye huu mpya..."

"Nimeelewa, mama," Upesi alisema. Alikuwa ameshafika mlangoni, mkoba begani, maana alikuwa amesikia mluzi wa mjomba wake nje.

Mjomba huyo alikuwa mdogo wake mama, na mtaa mzima ulimwita Kesho. Jina hilo alilitafuta mwenyewe. Kwa miaka mingi kila alichoombwa alijibu "kesho", na kesho yake ikifika aliisogeza mbele tena. Jirani mmoja alisubiri kurekebishiwa mlango mpaka mlango ukaanguka wenyewe. Karakana mbili zilimfukuza. Miezi minne iliyopita mama alimchukua afanye naye kazi, na ndugu wote wakamwambia anajitafutia aibu. Mama aliwajibu kwamba damu ni nzito kuliko maji. Tangu hapo mjomba alifika kazini kabla ya dada yake, na hakuna siku aliyokosa. Lakini jina lilikuwa limeshamganda, na watu walipomwona na ngazi begani bado walicheka wakauliza kama leo ni kesho.

Mama na mjomba walikuwa na utaratibu wao ambao Upesi aliupenda kuliko yote. Kila kebo ilipomalizika, ilichomekwa kwenye testa. Taa ziliwaka moja baada ya nyingine, kuanzia ya kwanza hadi ya nane. Zikiwaka zote, aliyeitengeneza alifunga uzi karibu na kichwa cha kebo: mwekundu wa mama, wa buluu wa mjomba. Taa hata moja isipowaka, vichwa vyote viwili vilikatwa na kazi ikaanza upya. Uzi ulikuwa sahihi ya fundi, na kila mteja aliambiwa rangi ipi ni ya nani. Mwenye macho aliweza kufungua kabati lolote waliloliweka mjini na kujua kila kebo ni ya mkono wa nani.

Kiwandani walipewa chumba kidogo chini ya ngazi, chenye harufu ya wino na kabati refu la chuma. Mama alipanda juu kukagua matundu ya ukutani kwenye meza za wasanifu. Mjomba alitandika boksi sakafuni, akaketi, akaanza kutengeneza kebo fupi za kabatini. Zilitakiwa arobaini na nane. Upesi alimkatia vipande vya urefu sawa, naye akamenya, akapanga nyaya, akabana, akapima, akafunga uzi. Walifanya hivyo siku mbili. Mjomba hakuwa na haraka, na Upesi aliyekuwa nayo nyingi alikaa akihesabu.

Siku ya pili alasiri, kebo zilifika arobaini na saba.

"Mjomba, hiyo ya mwisho nipe mimi."

"Mama yako alisema utengeneze zako nyumbani. Za mteja hapana."

"Nyumbani nimetengeneza kumi na zote zinafanya kazi. Dakika tatu tu, mjomba. Nihesabie."

Mjomba alikuna shingo. Alimpenda mno mtoto huyu, na labda alikumbuka jinsi ilivyo chungu kutoaminiwa. Wakati huohuo mama aliita kutoka juu, anataka mtu wa kumshikia ngazi.

"Moja tu," mjomba alisema akiinuka. "Na uipime. Taa nane, ndipo uzi. Umesikia?"

"Nimesikia."

Upesi aliketi palepale alipokuwa ameketi mjomba. Alimenya kebo, akazinyoosha nyaya na kuzipanga kwa rangi: ya machungwa na mwenzake mweupe mwenye mstari, ya kijani na mwenzake, ya buluu na mwenzake, ya kahawia na mwenzake. Alizisukuma ndani ya kichwa, akabana kwa koleo. Upande wa pili vivyo hivyo. Akachomeka kwenye testa, akatazama. Moja, mbili, tatu, nne, tano, sita. Kisha giza. Kisha nane.

Alitoa kebo na kuirudisha. Taa ya saba haikuwaka. Aliinua kichwa cha kebo machoni, akauona waya mweupe wenye mstari wa kahawia umesimama kabla ya wenzake, haukufika mwisho. Alijua la kufanya: kukata na kuanza upya. Lakini dakika tatu zilikuwa zimekwisha, na hatua za mjomba zilikuwa zinashuka ngazi.

Hapo ndipo akili yake kali ilipomletea hoja. Namba moja, mbili, tatu na sita ndizo zinazofanya kazi. Saba imelala. Bibi naye husema usimwamshe aliyelala, utalala wewe. Kwa nini basi aharibu vichwa viwili vizima kwa ajili ya waya usio na kazi? Alikata kipande cha uzi wa buluu, akakifunga, akaiweka kebo juu ya fungu la zile arobaini na saba.

"Imepita?" mjomba aliuliza.

"Imepita."

"Taa zote nane?"

Upesi alikuwa ameinama anaokota maganda ya plastiki. "Ndiyo, mjomba," alisema.

Jumamosi wafanyakazi walipumzika, kiwanda kikawa kimya. Walikuwapo meneja, msanifu mmoja wa kike aliyeombwa aje kujaribu, na familia ya mafundi. Mama alizima swichi ya zamani, akaitoa kabatini, akapachika mpya. Mjomba alimpa kebo moja moja kutoka kwenye fungu. Iliyokuwa juu kabisa ndiyo iliyotoka kwanza, na tundu la kwanza lilikuwa la seva. Upesi aliiona kebo yake ikiingia pale. Akajiambia kwamba saba imelala.

Saa tano walikuwa tayari, wakapanda juu. Msanifu alichagua kitabu cha sayansi cha watoto, kizito kwa picha, akakituma kwenye seva. Meneja alivua saa yake ya mkononi, akaiweka juu ya meza waione wote.

Dakika moja ikapita. Mbili. Ilipofika ya nne msanifu aliinuka akaenda kunywa maji, kama kawaida yake. Kitabu kilimaliza safari dakika ya kumi.

"Mama Fundi," meneja alisema polepole, "hii ndiyo kasi ya mara kumi uliyoniahidi?"

Mama alishuka ngazi, akapiga magoti mbele ya kabati. Taa zote za swichi zilikuwa za kijani, isipokuwa ya tundu la kwanza. Hiyo ilikuwa ya machungwa, alama ya mwendo wa zamani. Aliichomoa kebo, akaiweka kwenye testa. Meneja aliinama nyuma yake, na Upesi, aliyesimama mlangoni, aliziona taa zikiwaka mpaka ya sita, zikairuka ya saba, zikamalizia ya nane. Mama aliigeuza kebo mkononi. Uzi wa buluu ulikuwa umefungwa vizuri, kwa mafundo mawili.

Alichukua kebo ya akiba mkobani, yenye uzi mwekundu, akaichomeka mahali pake. Taa ikawa kijani papo hapo. Kule juu msanifu alituma kitabu tena, na kabla ya dakika kutimia alipaza sauti kwamba kimefika. Hakuna aliyefurahi.

"Nilikuambia," meneja alisema. Alimwonyesha mjomba kwa kidevu. Hakupandisha sauti, na hilo lilikuwa baya zaidi. "Geti la kiwanda hiki huyu bwana aliahidi kulichomelea mwaka juzi. Mpaka leo tunalifunga kwa kamba. Wewe ukanihakikishia amebadilika, nikakuamini. Jumatatu naanza kuchapa vitabu vya shule. Kama moja amefunga uzi bila kupima, nitajuaje hizo nyingine? Nataka kila kebo yenye uzi wa buluu itoke humu, utengeneze nyingine kwa mkono wako. Na mwenye uzi wa buluu asikanyage tena hapa."

Mama alimgeukia mdogo wake. "Uliipima hii?"

Mjomba aliichukua kebo. Alikitazama kichwa chake kwa muda, jinsi nyaya zilivyokaa, kisha akamtazama Upesi, mara moja tu, akarudisha macho chini.

"Sikuipima," alisema. "Nisamehe, dada."

Upesi alifungua mdomo. Maneno yalikuwepo, yote, lakini hayakutoka, na kadiri alivyochelewa ndivyo yalivyozidi kuwa mazito. Aliona aibu, na aliogopa, na aliona aibu kwa sababu aliogopa. Walifunga vifaa wakaondoka.

Nyumbani mjomba alivua mkanda wake wa vifaa, akauweka mezani. Juu yake akaweka kibunda cha uzi wa buluu.

"Nilikutetea kwa watu," mama alisema. "Kwa kila mtu. Unajua?"

"Najua, dada."

"Sasa nitawaambia nini?"

Mjomba aliaga, akatoka. Upesi, aliyekuwa akisugua sahani ileile tangu walipoingia, aliiacha akamfuata mpaka nje ya ua.

"Mjomba, kwa nini hukusema?"

"Niseme nini?" Mjomba aliegemea ukuta. "Mama yako alikataza, mimi nikakupa. Kisha uzi wangu nikaufunga kwa macho ya mtu mwingine. Sikuipima, hilo ni kweli tupu."

"Lakini mimi ndiye niliyesema imepita."

"Na nani ataamini? Nikisema ni mtoto, watasema Kesho sasa anajificha nyuma ya mpwa wake." Alitabasamu, tabasamu ambalo halikufika machoni. "Mimi jina langu limechafuka siku nyingi, doa moja zaidi halionekani. Lako bado safi. Nenda ndani."

Aliondoka akitembea taratibu, bila ngazi wala mkanda, mikono ikining'inia kama haina pa kukaa. Upesi alimtazama mpaka akakunja kona. Alikuwa hajawahi kuonewa huruma kwa namna iliyouma kiasi kile. Kwa miezi minne mjomba alikuwa ameamka alfajiri kila siku kujenga upya jina lake, na yeye alikuwa amelibomoa kwa neno moja, ndiyo.

Aliingia ndani. Mama alikuwa ameketi mbele ya kibunda cha uzi wa buluu, hakigusi.

"Mama, ile kebo niliitengeneza mimi."

Mama aliinua macho.

"Mjomba alikuja juu kukushikia ngazi. Nikapima, taa ya saba haikuwaka. Nikafunga uzi wake. Akaniuliza kama zote nane zimewaka, nikasema ndiyo."

"Ulijua haikuwaka?"

"Nilijua. Nilidhani saba imelala. Wewe ulisema nne zimelala."

"Kwa mtandao wa zamani." Mama alishusha pumzi. "Kwenye huu mpya hakuna waya unaolala, mwanangu. Zote nane zinabeba mzigo kwa pamoja, ndiyo maana unakwenda kasi. Mmoja ukikatika, swichi inaona nane hazitimii, inarudi kwenye nne za zamani na mwendo wa zamani. Nilianza kukueleza asubuhi ile. Ulikuwa mlangoni."

Upesi alianza kulia, si kwa sauti. Mama alimwacha alie kidogo, kisha akamvutia kiti.

"Kutojua si dhambi. Hilo nitalifuta mimi, kwa kukufundisha. Lakini kusema imepita nawe umeona giza, hilo utalifuta mwenyewe. Na mimi nina langu. Niliona uzi nikamhukumu mtu kwa jina lake la zamani, sikuuliza swali la pili." Alisimama. "Kamwite mjomba wako."

"Sasa hivi?"

"Sasa hivi. Ya kesho yametutosha katika familia hii."

Jumapili asubuhi walikwenda kiwandani wote watatu. Meneja alikuwa ofisini peke yake, miwani imepandishwa juu ya paji la uso.

"Shikamoo," Upesi alisema.

"Marahaba."

Alisimulia yote akiwa amesimama, mikono nyuma. Hakuruka kitu, hata zile dakika tatu alizojigamba nazo. Alipomaliza, meneja alimtazama, akamtazama mama, kisha mjomba aliyebaki mlangoni.

"Mtoto mzuri," alisema. "Lakini Mama Fundi, unisamehe, mimi ni mtu mzima. Watoto hufundishwa maneno. Na hata kama ni kweli, samaki mmoja akioza, wote wameoza. Uzi mmoja umeshanidanganya. Nitaaminije arobaini na saba?"

Upesi hakuwa amelitegemea hilo. Usiku wote alidhani kazi ngumu ni kusema, na akishasema mambo yatanyooka. Kumbe neno lake nalo lilikuwa limepoteza uzito, si uzi wa mjomba peke yake. Alifikiri. Kwa mara ya kwanza maishani alifikiri mpaka mwisho kabla ya kufungua mdomo.

"Usiniamini mimi, mzee," alisema. "Amini taa. Nitazipima zote mbele yako. Moja ikikataa, mjomba aondoke na sisi tuondoke naye."

Mjomba alishtuka kidogo. Meneja aliangalia saa yake, akasema haya, twende.

Mama alizima swichi, akazichomoa kebo zote za uzi wa buluu. Upesi aliketi sakafuni, testa mapajani. Mjomba alikaa nje ya mlango, kwenye kidato cha tatu cha ngazi, viwiko magotini. Upesi alichomeka ya kwanza, akahesabu kwa sauti, moja hadi nane. Akaiweka kulia. Ya pili. Ya tatu. Hakuharakisha hata moja. Meneja alianza akiwa amesimama, mikono kifuani. Kufikia ya kumi alijivutia kiti. Kufikia ya ishirini midomo yake ilikuwa ikihesabu pamoja na Upesi bila yeye mwenyewe kujua.

Ya thelathini na nne, taa ya tatu haikuwaka. Meneja aliacha kuhesabu. Upesi aliinamia testa. Kisha aliona: kichwa hakikuwa kimezama vizuri kwenye testa. Alikichomoa, akamgeuzia meneja akione, akakisukuma mpaka kikalia. Moja, mbili, tatu. Taa zote nane.

Kebo ya arobaini na saba iliwasha taa zote nane, Upesi akaiweka kulia pamoja na nyingine. Upande wa kushoto, wa zinazokataa, hakukuwa na kebo hata moja. Mama alikuwa amegeuza uso kabatini, anapangusa vumbi ambalo halikuwepo.

Meneja aliinuka akamwendea mjomba pale kwenye ngazi. "Arobaini na saba kwa arobaini na saba," alisema. "Jana nilikosea. Kesho si jina linalokufaa. Sasa nikuite nani?"

"Fundi inatosha," mjomba alisema.

"Haya, fundi. Na lile geti langu?"

"Nitalichomelea leo," mjomba alijibu. "Vifaa nimevileta."

Meneja alicheka mpaka miwani ikamshuka puani. Mama naye alicheka, akifuta macho kwa ncha ya kanga.

Ilibaki ile kebo ya arobaini na nane, maana iliyokuwa mahali pake ilikuwa ya akiba tu. Mama alimpa mjomba koleo. Mjomba akampokeza Upesi, akiwa amemtazama dada yake kwanza, na mara hii dada yake aliitikia kwa kichwa. Upesi alimenya, akapanga, akazikata nyaya ziwe ncha sawa, akabana. Alipopima, taa ya tano ilikataa. Hakumtazama mtu. Alikata vichwa vyote viwili, akaanza upya. Ilimchukua robo saa. Taa ziliwaka, akapima tena, zikawaka tena.

"Imepita?" mjomba aliuliza.

"Njoo uone mwenyewe," Upesi alisema.

Mjomba alishuka ngazi, akachuchumaa, akahesabu kwa kidole mpaka nane. Upesi alinyoosha mkono kuchukua uzi wa buluu, lakini mama alimzuia. Alitoa mkobani kibunda kidogo kipya cha uzi wa kijani, akamwekea kiganjani.

"Kazi yako uifunge kwa uzi wako," mama alisema. "Ikiwa nzuri ijulikane ni yako, ikiharibika isimwangukie mwenzio. Fundi hapimwi kwa mwendo wa mikono yake, anapimwa pale taa moja inapokataa na hakuna anayemwona. Ukisema ukweli hapo, watu watalala usingizi wakijua kazi yako iko ukutani mwao. Ukidanganya hapo, hata ukweli wako wa kesho utahitaji kupimwa, kama ulivyoona leo. Na jambo jingine..."

Nje mjomba alikuwa ameshaanza kuburuta geti, na meneja alikuwa akiita kwamba angependa kuona kitabu kikiruka. Upesi alifunga uzi wake wa kijani, mafundo mawili, kisha akakaa palepale sakafuni, akimtazama mama yake usoni, akangoja amalize.